Jina bila Fasili ni Debe Tupu

Malenga na wapenzi wa lugha, leo nataka kugombana nanyi kidogo. Ugomvi wangu si na wale wanaokidharau Kiswahili. Hao wamekwisha kujibiwa mara nyingi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokipenda, tunaoamka asubuhi na neno jipya mdomoni, na kabla jua halijatua tumekwisha kulitangaza kwa watu mia. Tumejizoesha kuamini kwamba dhana ngeni ikipata jina la Kiswahili imekwisha kuwa ya Kiswahili. Imani hiyo ni potofu, na imetugharimu sana. Jina ni nusu ya kazi, tena ndiyo nusu nyepesi. Nusu nzito ni fasili: kusema kitu ni nini, kinaanzia wapi, kinakomea wapi, na kinatofautianaje na jirani yake. Nusu hiyo tumeisusa.

Tazameni mjadala wa siku hizi kuhusu mashine zinazojibu maswali na kuandika insha. Kundi moja linasema tuite akili bandia, la pili linasema akili mnemba, la tatu linasema akili unde. Nimesoma hoja za pande zote, na nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Huyu analalamika kwamba bandia inanuka udanganyifu. Yule anasifu unde kwa kuwa linatokana na kuunda. Sasa muulizeni yeyote kati yao: kikokotoo cha muuza duka kina akili hiyo au hakina? Programu inayopigia mstari mwekundu neno lililokosewa tahajia je? Na mashine iliyoandikiwa kanuni zote za bao, hata ikamshinda bingwa wa mtaa? Hapo baraza hunyamaza. Wameshindana juu ya kitambaa cha kilemba, na hakuna aliyemtazama anayevishwa.

Na si mara ya kwanza. Tuliwahi kushindana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tukashindana kuhusu kipanya na puku, runinga na televisheni, nywila na nenosiri. Kwa vitu vinavyoshikika hasara haikuwa kubwa, kwani kipanya kinaonekana mezani na kila mtu anajua ni kipi. Lakini elimu ya leo imejaa vitu visivyoonekana, na kitu kisichoonekana hakina njia ya kujitetea kikipewa jina lisilo na mipaka.

Nitaleta ushahidi kutoka mahali ambapo washairi wengi hawapiti: lugha za kuelezea maunzi. Chipu iliyomo ndani ya simu yako ina sehemu ndogondogo zisizohesabika kwa macho, na hakuna mhandisi anayeweza kuzichora moja moja kwa mkono. Anachofanya ni kuandika. Anaandika matini inayosema kuna sehemu gani, zimeunganishwa vipi, na kila pigo la saa ya mashine likipiga nini kibadilike. Kisha zana maalumu husoma matini hiyo na kuifanyia usanisi, yaani kuigeuza kuwa saketi. Lugha hiyo ina msamiati na sarufi, lakini haifanani na lugha za kawaida za programu. Katika programu, agizo la kwanza hutekelezwa kabla ya la pili. Huku, sentensi zinaeleza vitu vilivyopo kwa pamoja, kama mtu anayeeleza nyumba: akitaja mlango kabla ya dirisha, hasemi kwamba mlango ulianza kuwapo.

Mbili kati ya lugha hizo ndizo maarufu. VHDL ilianzishwa kwa udhamini wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na chama cha wahandisi cha IEEE kikaitolea kiwango rasmi mwaka 1987. Verilog ilizaliwa katikati ya miaka ya 1980 katika kampuni ya Gateway Design Automation, nayo ikapata kiwango chake mwaka 1995. Kisa ninachotaka kukisimulia ni cha hii ya pili.

Verilog ilikuwa na neno "reg", kifupisho cha neno la Kiingereza ambalo sisi tumeliswahilisha kuwa rejista. Rejista, katika saketi, ni mahali pa kutunzia thamani mpaka itakapohitajika. Mwanafunzi aliyekutana na neno hilo aliamini, na alikuwa na haki ya kuamini, kwamba akiandika "reg" ameagiza rejista. Haikuwa hivyo. Kanuni ya lugha ilisema tu kwamba kitu kinachopewa thamani ndani ya aina fulani ya fungu la maelezo lazima kitangazwe kuwa "reg". Saketi iliyotokana na maelezo hayo iliweza kuwa na rejista kweli. Iliweza pia kutokuwa na kumbukumbu yoyote, ikawa malango ya mantiki matupu yanayopokea huku na kutoa kule. Jina lilisema ghala, kitu kikawa ujia. Wanafunzi wa nchi nyingi, wazungumzaji wa Kiingereza miongoni mwao, walipotoshwa na neno la lugha yenyewe. Zingatieni hilo, maana tunapenda kudhani kwamba anayesomea katika lugha ya mama yake hawezi kudanganywa na jina.

Tazameni sasa jinsi walivyotengeneza. Walipopanua lugha ile ikawa SystemVerilog, iliyopata kiwango mwaka 2005, hawakuitisha shindano la kutafuta neno tamu zaidi la kuliweka mahali pa "reg". Waliuliza kwanza: kwa kweli tunataka kusema nini? Wakaona kwamba neno moja lilikuwa limebeba mambo mawili yasiyohusiana. Jambo la kwanza ni aina ya thamani ambayo kitu kinaweza kushika. Jambo la pili ni nia ya mhandisi: je, anataka sehemu yenye kumbukumbu au isiyo nayo? Wakayatenganisha. Kwa jambo la kwanza wakaweka neno "logic", lenye maana ya mantiki, lisiloahidi rejista wala lisiloikataa. Kwa jambo la pili wakaweka aina tatu za mafungu ya maelezo: moja la saketi isiyo na kumbukumbu, moja la saketi inayofuata mapigo ya saa, na moja la saketi inayoshika thamani kama komeo. Mhandisi akitangaza kwamba anaandika saketi isiyo na kumbukumbu, kisha akasahau kusema nini kitokee pale sharti lake lisipotimia, zana inapaswa kumwonya: ulisema hutaki kumbukumbu, lakini maelezo yako yanalazimu thamani ya zamani ishikwe.

Neno "logic" lenyewe si zuri. Ni pana kama bahari, na mtu mwenye sikio la kishairi angelikataa. Linalolibeba ni fasili. Kitabu cha kiwango kinaeleza linashika thamani zipi, linaweza kutumika wapi, na haliwezi kutumika wapi: kwa mfano, pale njia moja inaposukumwa na vyanzo viwili kwa wakati mmoja, kama inavyotokea katika njia ya pamoja, neno hilo halikubaliki na lazima urudi kwenye "wire", yaani waya. Msomaji akimaliza ukurasa huo anajua mpaka uko wapi. Uzuri wa jina usingemfikisha hapo.

Kuna jambo la pili walilolifanya, nalo linatuhusu zaidi. Katika lugha za namna hii kila neno jipya la msamiati ni neno tengwa: likishatengwa, hakuna anayeruhusiwa kulitumia kuwa jina la kitu chake mwenyewe. Sasa fikirini mhandisi aliyeandika matini yake miaka kumi kabla, na humo akaita waya wake mmoja "logic". Siku neno hilo linapotengwa, kazi yake iliyokuwa nzima inavunjika bila yeye kugusa herufi. Waliotunga walilijua hilo. Kwa hiyo waliweka njia ya kutangaza juu ya matini: haya yasomwe kwa msamiati wa mwaka fulani, si wa leo. Na neno "reg" hawakulifukuza; walilibakiza, likafasiliwa upya kuwa na maana sawa na "logic", ili matini za zamani ziendelee kusomeka. Walikiri kwamba kutoa jina ni kuchukua kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu mwingine. Ni wangapi miongoni mwetu, kabla ya kutangaza neno, wamewahi kuuliza lilikuwa linatumiwa na nani, na kwa kazi gani?

Najua mtakalosema: hayo ni ya wahandisi na mashine, lugha ya watu haifungwi kwa sheria. Basi tutoke kwenye chipu, twende pwani.

Mnazi huanza na upunga, ukatoa kidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, na koroma likawa nazi. Hayo si majina tu. Dafu lina maji matamu na nyama laini ya kukomba kwa kijiko. Koroma limekwisha kuanza kukomaa, nyama imeshikamana, lakini bado halijafikia kutoa tui la kuridhisha. Anayeuza madafu kandokando ya barabara akikupa koroma utalikataa, na hamtahitaji hakimu, kwa sababu mpaka unajulikana na ushahidi umo ndani ya kifuu. Waliotuachia maneno hayo hawakuwa na baraza la istilahi. Walikuwa na mazoea ya kutofautisha, na jina lilifuata tofauti. Atakayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo isiyoweza kusema jambo kwa usahihi hajawahi kununua nazi.

Twende karibu zaidi, kwenye fani yetu wenyewe. Neno mizani ni la sokoni; ni chombo cha kupimia sukari na samaki. Hakuna mtu aliyelitunga kwa ajili ya ushairi kwa kuunganisha vipande vya maneno. Lilichukuliwa likiwa limekwisha kutumika, likapewa fasili: hesabu ya silabi katika mshororo. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, thamani ya kitabu kile haikuwa katika kubuni majina. Maneno kina, mizani, ubeti na guni yalikwisha kuwapo vinywani mwa malenga. Alichofanya ni kuyaandikia sheria ambazo mtu wa Tanga na wa Kigoma wangeweza kuzitumia kupima tungo moja na kufikia jibu moja. Mshororo una mizani 16, 8 kwa 8, au hauna; utahesabu kwa vidole.

Kisha ukaja mgogoro wa miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na kundi lililoitwa la wanamabadiliko likasema kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa shairi. Wanamapokeo wakajibu kwa ukali. Wengi hukumbuka ugomvi ule kwa hasira yake. Mimi naukumbuka kwa heshima, kwa sababu ulikuwa ugomvi wa fasili. Hakuna aliyependekeza kwamba shairi liitwe jina jingine. Swali lilikuwa: shairi ni nini, na kipi kikiondolewa halibaki kuwa shairi? Wanamabadiliko waliweza kuasi kwa sababu palikuwa na mpaka ulioandikwa; bila mpaka ule wangeasi nini? Elimu ya ushairi wa Kiswahili ilikua kwa ugomvi ule, vitabu vikaandikwa, na vijana tuliowafundisha sekondari walijifunza kutetea hoja. Linganisheni na ugomvi wetu kuhusu akili bandia na akili unde, mkaniambie ni hoja gani ya elimu imezaliwa humo.

Kwa hiyo uwezo tunao. Tulichopoteza ni mazoea, na athari zake ziko mtaani. Chukueni neno mtandao. Lilikuwa neno zuri lilipoanza kutumika kwa maana ya vitu vilivyounganishwa kama nyuzi za wavu. Leo limekuwa "reg" yetu. Nenda kwa wakala wa fedha za simu, Mbagala au Manzese, utake kutoa fedha za matibabu ya mtoto. Ukiambiwa "mtandao unasumbua", umeambiwa nini? Pengine mawimbi ya simu hayafiki pale mlipo. Pengine mawimbi yapo lakini kompyuta za kampuni zinazotunza hesabu za fedha hazijibu. Pengine kiungo kati ya kampuni na benki kimekatika. Pengine intaneti aliyonunua wakala imekwisha. Mambo manne, wenye dhamana wanne, na dawa nne tofauti: la kwanza unasogea barabarani, la pili unasubiri, la tatu unajaribu njia nyingine, la nne unakwenda kwa wakala wa jirani. Neno moja limeyafunika yote, na mwenye kosa amejificha ndani yake. Raia anaondoka bila fedha na bila kujua amlaumu nani. Na kwa kuwa neno hilohilo hutumika pia kuuliza uko kampuni gani ya simu, na kutaja mahali watu wanapowekeana picha na habari, hata malalamiko yake hayaeleweki akiyapeleka mbele.

Sasa mlinganishe na neno ambalo wasafishaji wa lugha hulikunjia uso: shoti. Fundi wa simu wa Tandika akikuambia bodi ina shoti, ametamka neno la kukopa lenye fasili kamili. Anasema umeme umepata njia ya mkato, unarudi bila kupita panapostahili. Tena anao ushahidi: ataweka ncha mbili za mita juu ya bodi, nayo italia pale ambapo haikupaswa kulia. Huhitaji kumwamini, unasikia mwenyewe. Mtaa unalitumia neno hilo pia kwa mtu aliyerushwa na umeme, lakini sarufi imewatenganisha bila baraza lolote: kifaa kina shoti, mtu amepigwa shoti. Fundi yule akisema moto haufiki, ana maana ya umeme, na atakuonyesha unapoishia. Kati ya neno shoti lenye mita na neno fasaha lisilo na kipimo, mimi nachagua shoti, na sioni haya.

Kinachonitia uchungu ni hiki. Kijana yule wa Tandika alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari, fizikia ilibadilika lugha, na wengi wa namna yake walibaki na mikono yenye akili na daftari wasilolielewa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, pendekezo halikutekelezwa. Tangu wakati huo hoja inayorudi kila mara ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Nasi tukaijibu hoja hiyo kwa orodha: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Orodha zimewasaidia wafasiri na sizibezi. Lakini mwanafunzi hajifunzi kwa orodha. Mwambie kwamba neno fulani la Kiingereza kwa Kiswahili ni ukinzani, na usiseme zaidi. Atalikariri pamoja na kosa lake, akidhani ni upinzani wa aina fulani. Mwambie kwamba ukinzani ni kiasi ambacho kitu kinauzuia mkondo wa umeme, na kwamba volteji ikibaki ileile, ukinzani ukiongezeka mara mbili mkondo hupungua kwa nusu. Hapo umempa fizikia. Wapinzani wetu walituambia hatuna maneno, tukakimbilia kuwaonyesha maneno. Tulipaswa kuwaonyesha maelezo.

Nazijua hoja tatu zitakazoletwa dhidi yangu.

Ya kwanza inasema: jina lianze, fasili itafuata. Wataleta mfano wa kishikwambi. Neno hilo lilichekwa, kisha sensa ya mwaka 2022 ikafanywa kwa vishikwambi, walimu wakavipata baadaye, na leo halichekwi tena. Ni kweli. Lakini kishikwambi ni kibao unachokishika mkononi. Kifaa chenyewe kilikuwa fasili, na kila karani wa sensa alitembea nacho nyumba kwa nyumba. Nani atatembea na tofauti kati ya rejista na komeo? Nani atabeba mkononi mpaka wa akili unde? Kwa dhana zisizo na mwili, jina lililotangulia bila fasili hujazwa na kila mpita njia, na fasili ikija baadaye hukuta nyumba ina wapangaji.

Ya pili inasema: fasili ni kazi ya BAKITA na wataalamu wa TATAKI. Baraza lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967, na kusanifu ni wajibu wake. Lakini baraza husanifu kilicholetwa mezani. Sisi tukipeleka majina matupu, litapiga kura juu ya majina matupu. Anayejua saketi yuko Kijitonyama kwenye chuo cha teknolojia cha Chuo Kikuu, au VETA Chang'ombe, au chini ya mwavuli wa fundi. Anayejua lugha ndiye wewe unayesoma hapa. Wawili hao wasipokaa mkeka mmoja, mhandisi ataendelea kufikiri kwa Kiingereza, na malenga ataendelea kuvika nguo kitu asichokijua umbo lake.

Ya tatu inasema: lugha hukua yenyewe, iacheni. Nimekwisha kulisifu neno la mtaani. Lakini shoti halikukua lenyewe. Lilikuzwa na watu waliolitumia kwa kazi na kulipima kila siku kwa mita. Mtandao nao uliachwa ukue wenyewe, na mmeona ulikofika.

Ili nisionekane mlalamikaji tu, naleta jaribio. Mafundi wa chipu wanahitaji maneno mawili kwa sehemu mbili zinazotunza biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, na wanafunzi wa dunia nzima huzichanganya. Napendekeza hivi.

Komeo ni sehemu ya saketi inayotunza biti moja, yenye ingizo, tokeo na kidhibiti. Muda wote kidhibiti kikiwa wazi, tokeo hufuata ingizo kila linapobadilika. Kidhibiti kikifungwa, tokeo hubaki na thamani ya mwisho hadi kifunguliwe tena.

Kidaka ni sehemu ya saketi inayotunza biti moja, inayosoma ingizo lake katika ukingo mmoja tu wa pigo la saa: ama linapopanda, ama linaposhuka, kama ilivyoamuliwa. Nje ya ukingo huo ingizo likibadilika hata mara kumi, tokeo halibadiliki.

Vidaka kadhaa vinavyofuata pigo moja la saa, vikitunza kwa pamoja thamani moja, ndivyo rejista.

Sasa yashambulieni. Mtasema kidaka ni nazi changa, na pia ni kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu katika nyumba za kale za pwani. Sawa, mkulima wa minazi na mbunifu wa chipu hawatagombania neno hilo katika sentensi moja, na maana ya kudaka kitu kwa wakati wake imo. Mtasema komeo litachanganywa na kufunga simu kwa nenosiri. Hoja hiyo ni nzito zaidi, na pengine italiangusha neno hilo. Komeo la saketi halimzuii mtu yeyote kuingia, linashika thamani tu. Lakini angalieni aina ya ugomvi tulio nao sasa. Hata mkiyakataa maneno yangu yote mawili na kuleta mengine, fasili zitabaki, na atakayezisoma atakuwa amejua tofauti ambayo hakuijua alipoanza kusoma makala haya. Kati yetu, hiyo ndiyo faida ambayo mashindano ya majina hayajawahi kutoa.

Ombi langu kwa wenye mabaraza na kurasa za lugha ni hili. Anayeleta neno jipya asipokewe mpaka alete vitu vinne pamoja nalo. Alete fasili isiyotumia Kiingereza kama gongo. Amtaje jirani wa karibu wa dhana hiyo na aseme mpaka uko wapi. Alete kitu kimoja kinachoingia ndani ya neno na kimoja kinachofanana nacho lakini kinabaki nje. Aseme nani walikuwa wakilitumia neno hilo kabla yake, na watapata hasara gani. Asiyeweza, arudi akaulize wenye fani. Hatutapungukiwa na maneno. Tutapungukiwa na kelele.

Na wale mlioapa kuhusu akili bandia, akili mnemba na akili unde, wekeni viapo chini kwa juma moja. Kila mmoja aandike fasili ya sentensi tatu, kisha aseme kikokotoo cha muuza duka kimo au hakimo, na kwa nini. Mimi nitaliunga mkono jina la mwenye fasili bora, hata kama jina lenyewe linanikwaruza sikio.